Kilo za Mzee Greda

Muuguzi alisema mgonjwa apande kwenye mizani, na mgonjwa akasema hawezi. Hakusema kwa unyonge. Alisema kama mtu anayekataa kiti alichopewa na mwenyeji asiyempenda, uso ameugeuzia dirishani. Miguu iliyokanyaga pedali za greda zaidi ya nusu ya umri wake ilikuwa imelegea tangu nimonia ilipomwangusha. Mwanawe, fundi kufuli, alimshika kwapa la kulia. Mama wa fundi, bibi mwembamba ambaye hakuwa ameketi tangu asubuhi, akamshika la kushoto. Wakamwinua. Magoti yakakataa, na mzee akarudi kitandani kwa kishindo kidogo.

"Mizani ya kiti ipo," muuguzi alisema, "lakini iko jengo la wagonjwa wa figo, na wenyewe hawaitoi. Wewe ni mwanawe?"

"Ndiyo, sista."

"Basi mbebe, upande naye. Nitasoma, halafu nitatoa kilo zako."

Fundi hakuwahi kumbeba baba yake. Hata kumshika mkono barabarani alikuwa hajawahi, kwa sababu Mzee Greda hakuwa mtu wa kushikwa. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi, likamkaa kwa ajili ya umbo: mabega mapana, shingo fupi, mwendo wa kusukuma vilivyo mbele. Sasa alimtazama mwanawe kwa mashaka.

"Utaniangusha."

"Sikuangushi, baba."

Mizani ilikuwa kwenye ujia, karibu na mlango, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa wengine walikuwa wamejipanga wakisubiri kuingia. Fundi alimbeba kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Gauni la hospitali liliachia nyuma, na mama akawakimbilia na khanga, akamfunika mumewe huku akiwaomba watu radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa uchi. Mzee alifumba macho. Muuguzi aliinama, akasoma, akaandika tarakimu kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Haya, shuka. Wewe una kilo ngapi?"

"Sabini na mbili," Fundi alijibu bila kufikiri, kama mtu anavyojibu akiulizwa jina la baba yake. Jasho lilikuwa linamtiririka, na alichotaka ni kumrudisha mzee kitandani amfunike. Wodini mtu alikuwa anatapika. Muuguzi alipiga hesabu akiwa anatembea.

"Sitini na tano. Kwa umri wake si haba."

Mama alishusha pumzi. Alikuwa amejiandaa kusikia kitu kibaya zaidi. Mzee alikuwa tayari na kidonda mgongoni kwa sababu ya kulala sana, kwa hiyo daktari aliagiza apewe maziwa ya lishe, yale mazito, kikombe asubuhi na kikombe jioni, mpaka atakapopimwa tena.

Siku ya kupimwa tena ilimkuta Fundi kazini. Alikuwa juu ya ngazi katika ofisi moja, akibadilisha kufuli za milango baada ya wizi, simu ilipolia. Ni mama: sista anamtaka aje ambebe baba, na anamtaka sasa hivi, kwa kuwa zamu yake inaisha. Fundi alishuka na koti lake la kazi mwilini, akaomba ruhusa kwa ishara ya mkono, akaenda mbio. Koti hilo lilikuwa na mifuko kila upande, na kila mfuko ulikuwa na chakula chake: kufuli, vitasa, mafungu ya funguo, bisibisi, tupa. Lilimkaa mwilini kama ngozi. Hakulikumbuka.

Alimbeba baba yake, akapanda. Safari hii aliona ni rahisi zaidi, akadhani ni kwa kuwa ameshazoea.

"Sabini na mbili, siyo?" muuguzi aliuliza.

"Ndiyo."

"Sitini na sita. Ameongezeka kilo moja." Alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kweli, la mtu ambaye kazini kwake habari njema ni chache. "Mnaona? Maziwa tutayasimamisha, tumpe mwenye shida zaidi. Sasa ale chakula cha kawaida."

Mama alikuwa amesimama na kikombe kitupu mkononi. "Sista," alisema, "anaisha huyu."

"Nani anaisha?"

"Mume wangu. Nikimgeuza kumsafisha naona mbavu zote. Zamani hazikuwa zinaonekana."

"Mama, mizani inasema ameongezeka."

"Nimesikia. Lakini mimi ndiye ninayemgeuza. Msimwondolee maziwa, tafadhali."

Muuguzi aliweka faili chini. Alikuwa peke yake wodi nzima tangu asubuhi, na mwenzake alikuwa amepiga simu kwamba atachelewa. Aliposema, hakupaza sauti, ila wodi ilikuwa imetulia kwa wakati mbaya, na kila kitanda kilisikia.

"Juzi nilikuona na kikombe mdomoni, mama. Nilinyamaza. Haya maziwa ni ya wagonjwa, si ya wanaowauguza. Sasa hebu niambie, unayataka kwa ajili ya nani?"

Mama alifungua mdomo. Ni kweli alikunywa. Mzee alishindwa kumaliza, akabakiza kidogo chini, naye akaona ni dhambi kumwaga kitu chenye thamani namna ile kwenye sinki. Lakini maelezo hayo, mbele ya watu wale wote, yalionekana marefu mno na hakujua ayaanzie wapi. Akamtazama mwanawe.

Fundi alimtazama baba yake, akaona mashavu yaliyoingia ndani. Akaitazama karatasi, akaona sitini na sita. Hakujua ashike lipi aache lipi. Karatasi ilikuwa na tarehe na sahihi. Macho yake mwenyewe hayakuwa na tarehe wala sahihi.

"Mama," alisema kwa upole, "mizani haidanganyi. Tusitiane aibu."

Hata yeye mwenyewe hakujua ni nani aliyekuwa akitiwa aibu pale. Mama alikisuuza kikombe, akakifuta, akakirudisha mezani. Muuguzi alisema kuanzia leo saa ya chakula ndugu wote wakae nje, wagonjwa watalishwa na wafanyakazi. Mama akachukua mkoba wake, akatoka, akaketi kwenye benchi la varanda. Hakulia wala hakulalamika, na Fundi akajiambia kwamba basi yamekwisha.

Wafanyakazi wa kulisha walikuwa wachache na vitanda vilikuwa vingi. Sahani ya Mzee Greda iliwekwa mezani, ikapoa, ikaondolewa. Wakati mwingine mtu alimpa vijiko vitatu vinne kabla hajaitwa kwingine. Mzee hakuomba. Kuomba chakula hakukuwa miongoni mwa mambo aliyojifunza maishani.

Kidonda kikachimbika. Daktari alikuja na wanafunzi wake, akafunua bandeji, akasimama muda mrefu kuliko kawaida. "Sielewi," alimwambia Fundi. "Dawa zinafaa. Damu tumeipima. Kilo zake nzuri. Kidonda hiki kingekuwa kimeanza kufunga." Akaagiza vipimo vingine. Vipimo vikarudi na majibu ambayo hayakusema kitu. Wakazungumza juu ya saratani iliyojificha, wakaiacha, wakairudia.

Fundi alikuwa akija jioni akitoka kazini, anaketi pembeni ya kitanda na kutafuta kwenye mwili wa baba yake zile kilo sitini na sita. Usoni hazikuwepo. Mabegani hazikuwepo, mabega yale yaliyokuwa yanaziba dirisha la greda sasa yalikuwa kama ya henga ya nguo. Lakini akifunua shuka chini aliona miguu iliyojaa, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na hapo moyo ukamtulia kidogo. Basi ziko huku, alijiambia. Zimeshuka chini. Kisha akajiuliza ni ugonjwa gani huo, unaomkondesha mtu juu na kumnenepesha chini, asipate jibu, akafunika.

"Baba, unakula?"

"Wanaleta."

"Nakuuliza kama unakula."

"Na mimi nakwambia wanaleta."

Kwenye benchi la varanda, mama hakuuliza tena habari za kilo. Alikuwa amepunguza maneno kiasi kwamba Fundi, akimsalimia, alihisi kama anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Alitaka kumwambia kitu. Lakini angesema nini? Kwamba anamwamini? Angemwamini vipi, na karatasi inasema vile? Na angeiaminije karatasi, na huyu mama hajawahi kumdanganya tangu amzae?

Mtu aliyekuja kuvuruga zaidi, au kunyoosha, kulingana na utakavyoona, walimwita Bwana Lishe. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani na sauti ya mafua, mtaalamu wa lishe pekee katika hospitali nzima, na wodi ya wazee ilikuwa haijamwona kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa amepelekwa kwa watoto. Daktari alimwita kwa ajili ya kidonda. Alifika jioni, Fundi akiwepo, akavuta kiti, akatoa mfukoni utepe wa kupimia.

"Shikamoo, mzee. Unaumwa wapi?"

"Marahaba. Naumwa na kupimwa," Mzee Greda alisema.

Bwana Lishe alicheka mpaka akakohoa. Akamkunja mzee kiwiko, akatafuta katikati ya bega na kiwiko, akaweka alama ndogo ya kalamu, kisha akamnyoosha mkono na kuuzungushia utepe. Akasoma. Akaulegeza, akauzungusha upya, akasoma tena. Akafungua faili, akalitazama, akautazama mkono.

"Kuna kitu sikielewi," alisema.

Fundi alikuwa amesubiri kwa muda mrefu mtu mwenye koti jeupe aseme maneno hayo kwa namna hiyo. Yalipokuja yalimtia hofu.

"Mkono huu ni wa mtu aliyekondeana. Faili linasema kilo sitini na sita, mtu mzima mwenye afya yake. Kimoja kati ya hivyo kinasema uongo, na sijui ni kipi."

"Mizani ni mashine, daktari."

"Mimi si daktari. Na mashine inasoma kilichopanda juu yake, haijui ni nani." Akafunua shuka, akabonyeza muundi wa mzee kwa kidole gumba, akahesabu kimyakimya, akaachia. Shimo la kidole likabaki pale pale. "Unaona? Hii si nyama. Ni maji. Na maji nayo yana kilo zake."

Fundi alilitazama lile shimo. Ile miguu ndiyo iliyokuwa ikimtuliza moyo.

"Alipimwaje?" Bwana Lishe aliuliza.

"Nilimbeba. Tukapanda wote, wakatoa kilo zangu."

"Vizuri, ni njia nzuri kabisa. Turudie."

Alirudia kwa taratibu zilizomchosha Fundi. Kwanza mzee akasaidiwa kukojoa. Blanketi likaondolewa, likabaki gauni tupu. Mizani ikasogezwa kutoka kwenye kiraka cha sakafu kilichoinuka, ikawekwa mahali tambarare. Kisha akamwambia Fundi avue viatu na koti. Fundi alilivua koti la kazi, akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Kiti kikaanguka chali na vyuma vikalia sakafuni, wagonjwa wakageuza vichwa.

Bwana Lishe alikitazama kiti, akamtazama Fundi.

"Siku ile ulikuwa nalo hili?"

"Siku ile nilitoka kazini mbio."

"Ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo. Ile mara ya pili."

Bwana Lishe akamwonyesha mizani kwa kidole. Fundi alimbeba baba yake, wakapanda, ikasomwa. Wakashuka, wakapanda tena, ikasomwa vile vile. "Umekuwa hodari sasa," mzee alimwambia mwanawe sikioni, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya tumbo tupu.

"Sasa panda peke yako," Bwana Lishe alisema.

"Mimi ni sabini na mbili."

"Panda tu."

Fundi alipanda. Tarakimu zilihangaika kidogo, zikatulia. Themanini na sita. Alishuka, akapanda upya kwa kunyata, kama mtu anayemvizia mwizi. Themanini na sita.

"Imeharibika," alisema. "Ndiyo maana."

Bwana Lishe hakubishana naye. Alikwenda stoo ya usafi, akarudi na galoni mbili za sabuni ambazo hazijafunguliwa, za lita tano tano, akaziweka juu ya mizani. Ikasoma kumi na kitu kidogo. Akapanda yeye, akaonyesha kuridhika na alichokiona, akashuka.

"Haijaharibika. Hizo sabini na mbili ulizipata wapi?"

Fundi alifikiri. Ilikuwa zahanati, kipimo cha afya cha kuanza kazi kwenye kampuni ya kufuli, kabla hajajitegemea. Mtoto wake wa kwanza alikuwa hajazaliwa. Mtoto huyo sasa anavaa viatu vya baba yake.

"Zamani kidogo," alisema.

Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeiweza. Mzee Greda alikuwa na kilo arobaini na tano, na katika hizo, nyingine zilikuwa maji. Siku ya kwanza kabisa alikuwa na hamsini na moja. Zilizobaki, zile zilizowafanya watu watabasamu, zilikuwa tumbo la mwanawe, na safari ya pili tumbo pamoja na kufuli. Fundi alisimama pekupeku kwenye sakafu ya baridi akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Muuguzi aliitwa. Alisikiliza, uso ukambadilika.

"Mimi nilimuuliza, akaniambia," alisema.

"Aliniuliza, nikamjibu," Fundi alisema.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na ukweli huo haukumsaidia hata mmoja. Fundi alitaka kumkasirikia. Alijaribu. Lakini kila alipoitafuta hasira ilipoanzia, aliukuta mdomo wake mwenyewe ukisema sabini na mbili, bila kufikiri, kwa sauti ya mtu anayejijua.

"Tutamrudishia maziwa," Bwana Lishe alisema, "ila polepole. Kidogo kidogo, tukipima damu. Mwili uliokaa na njaa hivi ukiujaza ghafla unaweza kuuzima kabisa. Na kila anachobakiza kiandikwe. Nani anamlisha?"

Neno njaa lilikuwa bado linazunguka kichwani mwa Fundi. Njaa, hospitalini, kitandani, na sahani mezani. "Alikuwa mama," alisema. "Alikatazwa."

"Kwa nini?"

Muuguzi alikuwa anaangalia saa yake. Fundi akaanza kuvaa viatu, na kwa muda mrefu kamba zikamshinda kufunga.

Nyumbani mkewe alimpakulia chakula, naye akaketi akikitazama.

"Mimi nimenenepa?" aliuliza.

Mkewe alisimamisha upawa hewani. "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Leo unanitafutia nini, baba watoto?"

"Sikutafutii kitu. Nimenenepa au sijanenepa?"

Mke alimtazama kwa makini kutafuta mtego uko wapi. "Suruali zako zote nimezipanua mshono," alisema hatimaye. "Moja moja, kila ukilalamika kwamba zimebana kwa kufuliwa. Nilidhani unajua."

"Mbona hukusema?"

"Ulitaka niseme?"

Fundi alifikiri, akagundua kwamba hilo pia hajui. Akamweleza yote. Mkewe alisikiliza, na mwisho hakusema pole wala hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Mama ameshaambiwa?"

Mama aliambiwa kesho yake mchana, kwenye benchi la varanda, gari la chakula likiwa limeshaingia wodini. Fundi alikuwa amepanga maneno njiani, lakini alipoketi yakatawanyika, akaanza na koti, akarudi kwenye zahanati, akaruka kwenye miguu na maji. Mama alimwacha ahangaike mpaka mwisho.

"Sabini na mbili ulikuwa nazo ulipooa," alisema. "Suti ilikuwa inakupwaya."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nilikuwa naona sawa."

"Ulikuwa unaona sawa."

Mama alinyoosha khanga mapajani. "Mimi nilichanganyikiwa, mwanangu. Nikimgeuza nakuta mfupa, nikija kwenu naambiwa nyama. Nikasema labda macho ndiyo yanazeeka. Siku moja nilimshika mkono hapa juu, kidole gumba kikakutana na cha kati. Nikajiambia, hivi vidole vyangu vimerefuka lini?" Akamgeukia. "Lakini wewe hukuchanganyikiwa. Uliniambia nisiwatie aibu."

"Nilichanganyikiwa, mama. Ndiyo maana nilisema vile."

Mama aliyapima maneno hayo. Hakuonyesha kama ameyakubali.

Mlango wa wodi ukafunguka, muuguzi akatoka, akasimama mbele yao na mikono mifukoni. "Mama, mzee hataki kula. Amefunga mdomo. Njoo umlishe wewe."

"Nilikatazwa, sista."

"Nimekuja kukuita."

"Nasikia. Lakini ulinikataza mbele ya wodi nzima. Hapa uko na mimi na mwanangu tu."

Alisema bila ukali, kama anayeeleza njia kwa mgeni. Muuguzi aligeuka, kana kwamba anaondoka zake. Alipofika mlangoni akasimama, mgongo ukiwa kwao, uso kwa vitanda.

"Huyu mama hakuchukua kitu cha mtu," alisema. "Kosa lilikuwa letu."

Sauti yake ilifika vitanda vya mwanzo, vile vya mwisho havikusikia. Mama alisubiri kidogo kama kuna nyongeza. Haikuwepo. Akainuka, akachukua mkoba wake. Fundi naye aliinuka, maana neno "letu" lilikuwa limemgusa, na alijua kwamba kosa lake mwenyewe hajalisema mbele ya wodi. "Mama," alianza, "na mimi..." Lakini mama alikuwa ameshaingia.

Kidonda cha Mzee Greda kilichukua muda mrefu kufunga, na aliporudi nyumbani alirudi na fremu ya kutembelea na mwili mdogo ambao majirani waliutazama mara mbili kabla ya kusalimia. Greda mwenyewe hakurudi tena. Lakini alirudi anakula, na kilo zake, zilizopimwa sasa kwa mizani ya kiti ambayo Bwana Lishe aliipigania mpaka wenye figo wakakubali kuiazima, zilikuwa zake peke yake.

Hayo yalikuja baadaye. Mchana ule mama aliketi kando ya kitanda, akamwinulia mumewe mto, akachota kijiko. Mzee akafungua mdomo kabla kijiko hakijafika.  Mama alimpa maziwa kwa mafunda madogo madogo, akimfuta kidevu, na wodi nzima ikawa inatazama huku ikijifanya haitazami. Mzee alipotikisa kichwa kwamba ametosheka, kikombe kilikuwa bado na kitu chini. Mama alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Amebakiza robo," alimwambia muuguzi. "Andika."

Muuguzi akaandika. Mama akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Nina njaa. Kaniletee chakula, nitakula hapa hapa."

Fundi alitoka karibu anakimbia. Dukani, mbele ya lango la hospitali, aliulizwa anataka nini, akabaki ameduwaa. Hakujua mama yake anakula nini siku hizi, meno yanaweza kutafuna nini, anapenda chai yenye sukari au isiyo na sukari. Akanunua kila kitu: mkate, ndizi, mayai, chai za aina mbili. Alirudi mikono imejaa, akaona muuguzi amemsogezea mama kiti chenye mgongo.

Mama alichagua mayai na mkate. Alikula taratibu, mbele ya watu wote, bila kuinamisha uso na bila kumtazama mtu, akitafuna kila tonge mpaka liishe ndipo achukue jingine. Mzee Greda alimwangalia akila, akafumba macho, akasinzia. Fundi alikuwa bado amesimama na chai mbili mkononi, zinamuunguza, akisubiri aulizwe au aambiwe kitu.

"Kaa chini," mama alisema.

Akakaa. Hakujua kama amesamehewa, au ameambiwa tu aache kuwazibia watu mwanga.